Maswali Yenu: Safari ya Kwanza ya Mlima Wenye Theluji

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ninayeishi Ntinda, Kampala. Nina umri wa miaka 34 na maishani mwangu sijawahi kupanda mlima wowote. Walimu wenzangu wanne wamenishawishi twende Rwenzori mwezi wa Januari, tupande hadi kwenye theluji. Nguo nilizo nazo ni za joto la Kampala, na fedha za kununulia vifaa vipya vya ng'ambo sina. Nianzie wapi, na je, baridi ya huko nitaiweza? (Mwalimu, Ntinda)

JIBU: Mwalimu, salamu zako zimefika. Mwezi mliouchagua ni mzuri, kwa kuwa Desemba hadi Februari, pamoja na Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ambayo mvua hupungua Rwenzori. Nimesema hupungua, sikusema hukoma, maana mlima ule hunyeshewa mwaka mzima, na mtu anayefungasha mizigo yake kwa kutegemea kiangazi atajuta siku ya pili tu.

Kuhusu baridi, hebu tupige hesabu. Kila unapopanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kibanda cha Elena, ambapo wapandaji hulala usiku wa kuamkia kilele cha Margherita, kiko karibu na mita 4,540. Kwa hiyo usiku ambao Ntinda kuna nyuzi 17, hesabu inatupa nyuzi nne au tano chini ya sifuri pale Elena, na hapo upepo bado hatujauhesabu. Baridi ya kiasi hicho mtu mwenye afya anaiweza kabisa, mradi awe mkavu. Akiwa amelowa haiwezi, kwa sababu maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya ile ya hewa. Ukinisoma hadi mwisho utaona kwamba karibu kila ushauri ninaokupa unarudi kwenye jambo hilo moja.

Wengi wanaoanza huiogopa mvua na kulisahau jasho. Mara yangu ya kwanza niliondoka kibanda cha Nyabitaba alfajiri nikiwa nimevaa fulana nzito ya pamba, na juu yake sweta, kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na ubaridi. Njia ilipoanza kupanda nilihisi joto, lakini nikaona taabu kusimama na kuvua. Tulipofika tunapolala niliikamua fulana ile, nayo ikatoa maji kama nguo iliyotolewa kwenye beseni, ilhali siku nzima haikuwa imenyesha hata tone. Jua lilipotua nilianza kutetemeka hivi kwamba vidole vilishindwa kuishika zipu ya begi langu. Kiongozi wetu, mtu mzima wa kabila la Wakonzo, ndiye aliyenifungulia begi, akanivua nguo mbichi, akanivika kavu na kunipa uji. Tangu siku hiyo naanza safari nikiwa nahisi baridi kidogo, na baada ya dakika kumi za mwendo nasimama kupunguza nguo kabla jasho halijatoka.

Hivyo basi, pamba iache nyumbani, pamoja na suruali za jinzi. Pamba hunywa maji, huyashikilia, na ikilowa haihifadhi joto tena. Karibu na ngozi vaa fulana ya poliesta kama zile za wachezaji wa mpira, au ya sufu nyembamba. Juu yake weka sweta la sufu au lile laini lenye manyoya mafupi, na juu kabisa jaketi na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Fedha zisikutie hofu. Nenda soko la Owino asubuhi mapema, marobota ya mitumba yanapofunguliwa, ukatafute masweta ya sufu, na usinunue kabla ya kusoma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya kola, kwa sababu masweta mengi yenye sura ya sufu ni pamba tupu. Jaketi la mvua lijaribu nyumbani: livae, mtu akumwagie jagi la maji mabegani na kwenye mishono, kisha ujipapase ndani. Likipitisha maji bafuni, mlimani halitakufaa.

Seti moja ya nguo, yaani fulana, soksi na suruali, iwe ya kulalia tu. Ifunge ndani ya kaveera nzito, yaani mfuko wa plastiki, pamoja na mfuko wako wa kulalia, na usiivae njiani hata kama ile ya mchana imelowa chepechepe. Kuvaa asubuhi soksi mbichi zenye baridi ni adhabu, nakubali, lakini ni adhabu ya dakika tano, na ukiwa na za kulalia zilizo kavu utakuwa umepata usingizi.

Miguuni, gambuti za kawaida zinazouzwa madukani ndizo zitakazokufaa kwa sehemu kubwa ya njia. Siku ya kwenda kibanda cha Bujuku mtavuka vinamasi vya Bigo, ambako kuna madaraja ya mbao katika baadhi ya sehemu, na penginepo mtaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine. Ukikosea hatua, mguu unazama hadi gotini. Nunua gambuti zilizo kubwa kidogo ili ziingie soksi mbili, uzizoee kwa kutembea nazo. Kwenye barafu utahitaji buti ngumu, vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti, na shoka la barafu. Vitu hivyo hukodishwa. Vifunge na kuvifungua wewe mwenyewe mkiwa bado chini, kwa sababu niliwahi kukodi vyuma ambavyo mkanda wake ulikatika tulipofika ukingoni mwa barafu, na mwenzetu mmoja akaishia hapo, akitutazama tukiendelea.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Margherita ina urefu wa mita 5,109, ni kilele cha mlima wa tatu kwa urefu barani Afrika, na kwenye miinuko kama hiyo hewa huwa nyepesi kiasi cha kuwaangusha hata vijana wenye nguvu. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza kuanzia mita 2,500, kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usioeleweka. Kanuni inayokubalika ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Katika njia ya kati inayoanzia Nyakalengija, mruko kutoka Nyabitaba, ulio karibu na mita 2,650, hadi kibanda cha John Matte unapita kiasi hicho. Ombeni kiongozi awaongezee usiku mmoja pale John Matte, hata kama siku hiyo ya ziada itawagharimu. Mwenye kichwa kinachouma asipande zaidi mpaka kipone. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Zipo dawa za kusaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari baada ya kukupima. Usizinunue kwa kusikia.

Kuhusu mazoezi, unaishi karibu na kilima cha Naguru, nacho kinakutosha. Kwa miezi mitatu kipande na kukishuka mara tatu kwa wiki ukiwa na begi mgongoni lenye kilo nane. Kushuka usikudharau, maana magoti huumia kwenye mteremko kuliko kwenye mpando. Kama mnaweza, kabla ya Januari nendeni kwanza Muhavura kule Kisoro, wenye mita 4,127, ambao hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Huko utaujua mwili wako kwa gharama ndogo. Rwenzori hamruhusiwi kwenda bila waongozaji, kwa hiyo njia haitakuwa mzigo wenu. Mzigo wenu ni kukubaliana, mkiwa bado Kampala, kwamba kiongozi akisema rudini, mnarudi wote watano bila mabishano. Juu kule, watu waliolipa fedha zao huona haya kurudi, na haya hiyo ni hatari kuliko theluji yenyewe.

Usisahau miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua. Theluji hurudisha mwanga machoni kwa ukali unaoweza kuyaunguza, na ngozi yetu nyeusi nayo huungua.

SWALI: Mdogo wangu wa kiume anasoma Glasgow, Uingereza. Wenzake wamemwalika kupanda mlima wa Ben Nevis mwezi wa Februari. Amekulia hapa Mbale, chini ya Mlima Elgon, na anadai kwamba mlima wa mita 1,345 hauwezi kumtisha mtoto wa Masaba. Mama hapati usingizi. Tumwambie nini? (Dada Mkubwa, Mbale)

JIBU: Dada, mpe Mama pole zangu, na umwambie kwamba wasiwasi wake una msingi. Kwa mita peke yake mdogo wako amesema kweli. Kilele cha Ben Nevis kinaizidi Kampala kwa mita mia moja na kitu tu, na ugonjwa wa mwinuko hautamgusa. Lakini Wagagai, kilele cha Elgon chenye mita 4,321, kiko karibu na ikweta, ilhali Ben Nevis iko mbali sana kaskazini, kando ya bahari yenye dhoruba. Mwezi wa Februari njia huwa imefunikwa na theluji, mawingu hulala juu ya kilele, na uwanda wa juu umepakana na magenge ambayo mtu haoni mpaka awe ameyafikia.

Kitu ambacho sisi wa ikweta hatukizoei ni mchana kufupika. Kwetu jua huchomoza saa moja na kuzama saa moja, mwaka mzima. Glasgow, mwishoni mwa Desemba, huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa kumi kasorobo alasiri. Februari mchana huwa umerefuka, ila bado giza huingia kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo awe na taa ya kichwani yenye betri mpya, na wapange tangu nyumbani saa ya kugeuka, ambayo ikifika watageuka hata kama kilele kinaonekana. Simu asiitegemee kuwa ramani, kwa kuwa baridi huimaliza betri haraka. Aiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, na mkononi awe na ramani ya karatasi na dira anayojua kuitumia. Chupa ya maji aibebe kichwachini, kwa sababu barafu huanzia juu ya maji, na hivyo mdomo wa chupa hautaziba.

Kuhusu maporomoko ya theluji, kuna taasisi iitwayo Scottish Avalanche Information Service ambayo hutoa utabiri kila siku wakati wa baridi. Asome utabiri huo jioni ya kabla ya safari, na wenzake wausome. Akiona wanaupuuza, hao si watu wa kwenda nao.

Ushauri wangu wa wazi ni kwamba Ben Nevis ya Februari isiwe safari yake ya kwanza. Aanze na kilima kifupi, kama Conic Hill kando ya Loch Lomond, ambacho hakifiki mita 400, katika siku tulivu. Kisha ajiunge na mafunzo ya siku mbili ya kutumia shoka la barafu na vyuma vya miguuni, kama yale yanayotolewa Glenmore Lodge karibu na Aviemore. Ben Nevis inaweza kumsubiri hadi mwaka ujao. Na aijue namba 999: akipiga, aombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Mtu mmoja asiyekwenda naye ajue njia watakayopita na saa wanayotarajia kurudi.

SWALI: Mjomba anasema kikombe kidogo cha waragi huleta joto mlimani. Ni kweli? (Kijana, Bombo)

JIBU: Kijana, kwa heshima zote kwa Mjomba, si kweli. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana mnywaji huhisi joto usoni. Lakini joto hilo limetolewa ndani ya mwili na linapotelea hewani. Mtu ambaye joto lake limeshuka chini ya nyuzi 35 hutetemeka, kisha hujikwaa na kusema kwa kukokota maneno, na ukimpa waragi unazidisha hali hiyo huku ukiificha. Mwondoe kwenye upepo, mvue nguo mbichi, mvike kavu, mfunike hadi kichwani, na mtu mwingine alale karibu naye. Kisha mpe chai ya moto yenye sukari nyingi, mradi anaweza kukishika kikombe na kumeza mwenyewe.