Barua kwa mwanangu: kuhusu mwaliko wa yule mfadhili

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho mama yako akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nimeelewa hivi: watani wenu wa jadi katika hoki ya vyuo huko Marekani wamewafunga Ijumaa, wakawafunga tena Jumamosi, hapohapo nyumbani, na wahitimu wa zamani wanataka mzee, kocha wenu mkuu, afungashiwe virago. Katikati ya kelele hizo, mfadhili mmoja wa timu amekualika chakula cha mchana, wewe kocha msaidizi, "tuzungumze kuhusu kesho". Unaniuliza uende au usiende.

Usiende. Sasa nikueleze kwa nini, maana nakujua, neno moja halikutoshi.

Huku kwetu jambo hili lina njia fupi. Novemba 2023 Simba walipigwa 5–1 na Yanga, na haikupita wiki kocha wao Robertinho akawa hana kazi. Mimi ni Simba, sikulala siku ile, na nilishangilia alipoondoka. Lakini huko kwenye vyuo kocha huandama vijana tangu wakiwa sekondari, huwasubiri, huwalea miaka minne. Mara nyingi msimu huachwa uishe kwanza. Kwa hiyo kati ya leo na Machi, msimu unapoisha, kuna majungu mengi ya kupikwa, na wapishi wanatafuta kuni.

Unakumbuka nilivyoendesha teksi Minneapolis. Hoki ya barafuni sikuijua, kile kidude cheusi wanachokipiga badala ya mpira nilikuwa nashindwa hata kukiona, lakini kocha wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Don Lucia, nilimjua kupitia abiria wa kiti cha nyuma. Alianza 1999, akaleta ubingwa wa taifa 2002 na 2003. Watu walimtaja kama wanavyomtaja shehe. Halafu ikaja Machi 2006. Minnesota walikuwa na nyota wao kijana Phil Kessel na timu ya kutisha, wakafungwa 4–3 katika muda wa nyongeza na Holy Cross, chuo kidogo cha Wakatoliki kutoka Massachusetts. Na mechi yenyewe ilichezewa Grand Forks, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha North Dakota, watani wao! Usiku ule nilibeba mzee mmoja aliyevaa sweta la rangi ya damu ya mzee. Hakusema neno mpaka kwake. Alinilipa, akafunga mlango, akaufungua tena: "Kumi na tisa," akasema. "Mjukuu wangu ana miaka kumi na tisa, angeweza kufundisha hawa." Akaenda zake.

Mwaka uliofuata wakawafunga North Dakota fainali ya ligi, na wiki moja tu baadaye North Dakota wakawatoa kwenye mashindano ya taifa, 3–2, muda wa nyongeza. Abiria wangu walimfukuza Lucia kila usiku, bei ya teksi ikiwa ileile. Hakufukuzwa.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 2013 Minnesota waliiacha ligi ya zamani wakaingia Big Ten, na North Dakota wakaenda kwingine. Ikapita miaka bila kukutana katika msimu wa kawaida. Lucia akachukua ubingwa wa msimu wa ligi hiyo mpya mara nne mfululizo. Mara nne! Nilipokuja kukutembelea Januari 2018, ukanipeleka Mariucci, ule uwanja wa watu wapatao elfu kumi, nikaweka koti langu kwenye kiti cha kulia na begi kwenye kiti cha kushoto, na hakuna aliyekuja kuvidai. Karibu yetu baba mmoja alikuwa anasoma simu huku timu yake ikifungwa. Machi ile hawakuingia hata kwenye mashindano ya taifa, Lucia akaachia ngazi baada ya misimu 19. Hakukuwa na usiku wa aibu wa kulaumiwa, wala mtani wa kumnyooshea kidole. Na hakufa njaa, baadaye alipewa kuongoza ligi nzima ya hoki ya vyuo, CCHA.

Ndiyo maana unaponiambia wamewazomea mpaka kwenye maegesho, mimi nahesabu kwamba walikuja. Mzee wako ana deni, lakini bado anadaiwa na watu wanaompenda.

Kuhusu chakula. Mimi niliwahi kukila. Pale gereji ya teksi, wenye magari walikuwa wamemchoka msimamizi wetu, wakaniita mgahawani, wakaniagizia samaki mzima. Nilisifiwa mpaka mwiba ukanikwama. Nilipewa kazi yake, nikakaa nayo miezi saba, kisha nikasikia kuna mwingine ameitwa mgahawa uleule. Hili sijawahi kukuambia, na mama yako huwa halipendi.

Mfadhili mjibu kwa adabu kwamba mna mechi. Halafu, kabla hajasikia kwa mtu mwingine, mwambie mzee wako kwamba uliitwa. Usimwambie umekataa kwa ajili yake, mwambie tu uliitwa. Atajua mengine mwenyewe. Kisha mkae na yule kipa uliyesema hataki kutazama video za Jumamosi. Kijana wa miaka ishirini aliyefungwa mabao sita mbele ya mama yake, huyo ndiye wa kupelekwa kula.

Kama mzee ataondolewa na kiti kikaletwa kwako mchana kweupe, na mkurugenzi wa michezo mwenyewe, hapo tutazungumza upya.

Mama yako anauliza kama koti la baridi lilikutosha kifuani. Nipigie Jumapili, ila si saa kumi na moja, tunacheza na Yanga.

Baba yako,
Tanga