Re: Granola ya oti kwa mtoto mwenye siliaki

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini binti yako mwenye siliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na shayiri, hudhuru utumbo) aliumwa tumbo kwa granola ya oti (oti iliyookwa na asali na korosho), ilhali oti si ngano. Oti yenyewe haina gluteni ya ngano, ila mara nyingi huchanganyika na ngano au shayiri shambani na kiwandani. Nunua pakiti iliyoandikwa kuwa haina gluteni; kiwango cha kimataifa ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Soma viungo vyote, maana kimea hutokana na shayiri. Wachache huumwa hata na oti safi, kwa hiyo usimrudishie kabla hujaongea na daktari wake.

Daktari akiruhusu, tengeneza mwenyewe. Vikombe 3 vya oti, kimoja cha korosho na mbegu za maboga, theluthi ya kikombe ya mafuta, asali kiasi hichohicho, chumvi kidogo. Oka kwa nyuzijoto 150 za Selsiasi, dakika 25 hivi, ugeuze mara moja. Ikitoka itakuwa laini bado. Usiiguse! Ikipoa ndipo inashikana, ukiivunja unasikia inalia kwach. Zabibu kavu tia mwisho, zikiokwa zinakuwa ngumu kama kokoto.