"Maswahaba wa Kocha": kosa liko wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha mashabiki wa mpira hapa Kirumba, Mwanza. Tumechapisha fulana zenye maneno "Maswahaba wa Kocha". Mzee mmoja wa mtaani amekataa kuvaa yake, anasema neno hilo si la mpira. Je, tumekosea Kiswahili?

JIBU: Marahaba. Sarufi yenu haina kasoro. Kwa Waarabu, sahaba tayari ni wingi. Mmoja ni sahabi. Sisi tuliuchukua wingi ule tukaufanya umoja, kisha tukauongezea ma-. Malaika nalo lilitufikia hivyohivyo: kwao ni wengi, kwetu hata mmoja ni malaika.

Lakini mzee wenu ana hoja, nami niko upande wake. Kwa Waislamu, swahaba ni mtu aliyekutana na Mtume Muhammad (S.A.W.) akiwa amemwamini, akafa katika Uislamu. Abu Bakar ni swahaba, Bilal ni swahaba. Waliowakuta maswahaba bila kumkuta Mtume huitwa tabiina, na mlango ukafungwa hapo. Hata mcha Mungu wa leo hauingii, sembuse shabiki wa kocha.

Mkibadili herufi moja mtapata maswahiba. Mzizi ni uleule wa kuwa pamoja, uliotupa pia sahibu na usuhuba, ila swahiba ni rafiki wa kukaa naye kibarazani na kuambiana siri. Kama kocha hawajui hata kwa majina, mtakuwa mmejipa usuhuba ambao haupo.

Mfuasi ndilo neno lenu. Limetoka kwenye kufuata. Ile t imegeuka s mbele ya i, kama pika ilivyozaa mpishi na penda ikazaa mpenzi. Halidai undugu wala utakatifu: yeye yuko mbele, nyinyi mko nyuma yake.

Tena mko Usukumani, ambako jambo hili lina dawa yake ya zamani. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo watu huenda kuvitazama vikishindana kwenye tamasha la ngoma la Bulabo kule Bujora, Kisesa, ni makundi ya wafuasi hasa. Bagika ni watu wa Ngika, mcheza ngoma na mganga wa zamani. Jina lake limewabeba wote. Fulana mpya zikichapishwa, chukueni jina la kocha wenu mliwekee ba- mbele. Hata huyo mzee ataivaa.