Tamasha la blues Mombasa: nenda asubuhi kwenye warsha, usingoje shoo ya usiku

Jamani vijana wa Mombasa mnaopenda muziki, tamasha letu la mtaani la blues, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, limekaribia tena na najua wengi wenu mshaanza kupangana, nani ataenda na nani usiku wa shoo, mtavaa nini, matatu ya kurudi Mtwapa mtaipandia wapi. Sawa kabisa. Ila mie nataka niseme kitu ambacho nimekiona miaka yote niliyokuwa pale, kwanza nikiwa mwanafunzi na sasa nikiwa mmoja wa wanaofundisha gitaa: kama wataka kuwa mwanamuziki, tamasha lenyewe ni zile saa za asubuhi na mchana kwenye warsha za bure. Shoo ya usiku ni nyongeza tu, tena nyongeza tamu, lakini hutatoka pale ukijua kupiga kitu ambacho hukukijua ulipoingia.

Shida ni kwamba watu wakisikia bure wanafikiri ni kitu cha kupitisha wakati. Na hii blues ukifuatilia historia yake imekuzwa sana na vitu vya bure. Tamasha kubwa la blues la Chicago lilianza 1984, mwaka mmoja baada ya gwiji wa blues Muddy Waters kufariki, na mpaka leo kuingia ni bure. Kule jimbo la Mississippi, Marekani, mji wa Clarksdale, kuna jumba la makumbusho la blues lililofunguliwa 1979 na ndani yake watoto wa mtaa hufundishwa gitaa, besi na ngoma baada ya shule. Mmoja wa watoto waliopita pale ni Christone "Kingfish" Ingram, kazaliwa 1999, na 2022 akachukua Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Simwambii mtu kwamba akija warsha ya Mombasa atapata Grammy, nasema tu kwamba mafunzo ya mtaani yakifanywa kwa moyo yana uzito wake, na wale wanaokuja kufundisha huku kwetu wanakuja kwa moyo, wengine wanatoka kazini mahotelini wamelala usiku wa manane na asubuhi wapo.

Sasa ushauri wenyewe. Usije na kichwa kitupu. Mwalimu ana watu thelathini mbele yake na muda mfupi, akianza kufundisha jinsi ya kushika gitaa saa nzima imekwisha. Wiki hizi zilizobaki jifunze kodi tatu tu (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), E7, A7 na B7, basi. E7 ni vidole viwili: cha kati uzi wa tano (wa kwanza ni ule mwembamba kabisa) kwenye freti ya pili, freti ni zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni, cha shahada uzi wa tatu freti ya kwanza. A7 pia viwili, uzi wa nne na wa pili, vyote freti ya pili. B7 ndiyo ngumu, vidole vinne na kile kidogo hakitaki kufika uzi wa kwanza, kikikataa kiache na huo uzi usiuguse, utakuwa bado uko sawa. Halafu jua ule mzunguko wa baa 12, kila baa mapigo manne, na herufi ni zile kodi zako: E baa nne, A mbili, E mbili, kisha B moja, A moja, halafu E mbili za kumalizia ambapo ile ya mwisho kabisa wengi huigeuza B ili kurudi mwanzo. Ukiwa na hilo mkononi, hata ukipiga polepole kama mzee anayepanda ngazi, waweza kukaa na bendi yoyote ya blues popote duniani mkaelewana bila kuongea lugha moja.

Kama huna gitaa njoo hivyo hivyo. Warshani huwa kuna gitaa za kuazimana, na tena si kila mtu awe mpiga gitaa, kila mwaka tuna wapiga solo, wale wa kupiga peke yao mbele, wamejaa na mtu wa besi hatumpati. Wallahi kama nikiwa nna mdogo wangu anaanza muziki leo pale Kisauni ningemwambia shika besi, nyuzi nne, kila bendi ya Pwani inakutafuta.

Nikija kwenye jambo ambalo nalipenda zaidi: mashairi. Vijana wengi wakija warsha ya utunzi wanaandika Kiingereza, tena Kiingereza cha treni na mashamba ya pamba na barabara za Marekani, wakati mtu mwenyewe amezaliwa Likoni na treni ya mizigo aiona Mazeras tu. Wale wa Mississippi waliimba mambo yao ya kweli, mafuriko ya mto wao, bosi wao, mpenzi wao, ndiyo maana ikaingia watu moyoni. Sisi tuna ya kwetu tena tumerithi ufundi ambao unaingia kwenye blues bila kulazimisha.

Angalia hapa. Beti ya blues ya kawaida ni mistari mitatu, wa kwanza unaimbwa, wa pili unarudia ule ule, wa tatu unajibu. Kila mstari una baa nne, sauti inachukua kama mbili na gitaa linajibu mbili zilizobaki, tatu mara nne ndiyo hizo 12. Na mshororo wa shairi la Kiswahili je? Vipande viwili, kila kimoja mizani nane. Ukiweka mizani mbili kwenye kila pigo, kipande kimoja kinajaza baa moja kamili, vipande viwili baa mbili, halafu unanyamaza gitaa lijibu. Imekaa yenyewe! Huu hapa mfano nimeuandika wa kufundishia:

Maji yajaa Likoni, na feri haijafika,
Maji yajaa Likoni, na feri haijafika,
Mie hapa ukingoni, moyo ushahangaika.

Hesabu mwenyewe, nane nane, vina vya kati na vya mwisho vipo. Sasa ukiimba usiimbe kama unahesabu, chelewesha kidogo ile "haijafika", ivute, iache ianguke chini, hapo ndipo blues inapoingia. Mwaka jana kulikuwa na binti mmoja mdogo, kalelewa kwenye kasida, hajawahi kuimba blues maishani, tukampa mshororo kama huo na akauvuta neno la mwisho vile vile anavyovuta kwenye kasida, sauti inapanda inatetemeka inashuka katikati ya noti mbili, pahali ambapo freti za gitaa hazifiki. Mpiga gitaa mmoja kijana alikuwa hapo hapo anajazajaza noti chini yake, mwalimu akaenda akaweka kiganja chake juu ya nyuzi za yule kijana, hakusema kitu, akaziziba tu mpaka binti alipomaliza mstari. Halafu akaondoa mkono akamwashiria kwa kichwa: sasa wewe. Yule kijana akapiga noti tatu. Tatu tu, na zilitosha, watu ukumbini wakaitikia.

Hiyo ndiyo elimu ya warsha na huwezi kuipata YouTube. Video itakufundisha solo ya kasi lakini haitakuzibia nyuzi. Kwenye blues mwimbaji anauliza na chombo kinajibu, na anayejibu kabla swali halijaisha anaharibu, na hili si geni kwetu, aliyekulia kwenye taarabu anajua udi unavyongoja mwimbaji amalize, sikiliza udi wa marehemu Zein l'Abdin utasikia jinsi anavyoacha nafasi. Hata bango, ule muziki wa Pwani, ya Mzee Ngala, ile saksafoni haimkanyagi mwimbaji. Na ukitaka kuona Afrika na blues vinavyokaa pamoja tafuta Ali Farka Touré wa Mali (1939–2006), alipiga gitaa kwa mitindo ya kwao ya Niafunké, akaimba lugha za kwao, na wapenzi wa blues dunia nzima wakamfuata alipo. Mie huwapigia wanafunzi wangu nyimbo zake kila mwaka kabla hata hatujagusa gitaa.

Mwisho wa warsha huwa tunapiga pamoja, kila mtu apate zamu. Hapo tafadhali: uliza kii (key, noti ya msingi ya wimbo) kabla hujapanda, tuni gitaa lako pembeni kwa programu ya simu usitie tuni kwenye spika watu wote wasikie, punguza sauti ya amplifaya kuliko unavyotaka, na macho yako yawe kwa mpiga besi na mtu wa ngoma, si kwa simu inayokurekodi. Zamu yako ya solo ni mzunguko mmoja, mkikubaliana miwili ni miwili. Kuna watu wakishika solo hawaachii na nyuma kuna watoto wamekaa na gitaa mapajani tangu saa tatu asubuhi wanangoja, hilo linaniuma sana na sioni haya kumshusha mtu.

Dada zangu, najua ruhusa nyumbani ni kazi. Ndiyo maana warsha huwa mchana na zinaisha mapema kabla ya magharibi, kunasimama wakati wa swala, na kuna walimu wa kike. Mwambie mama au shangazi aje akae, viti vipo, wengine huja kuchunga tu na wanaishia kuimba kibwagizo kuliko sisi. Wazazi mnaosoma hapa, njooni muone wenyewe kabla ya kukataa, mtoto anakaa saa nne akijifunza kazi ya mikono na masikio pamoja na wenzake, mbele za watu.

Wa ng'ambo ya Likoni, feri kwa mguu hulipi, ila gitaa liwe kwenye begi maana upepo wa chumvi haubagui. Hewa yetu hii inakula nyuzi haraka sana, ukimaliza kupiga futa kila uzi na kitambaa kikavu juu na chini, na usiliache gitaa kwenye gari lililoanikwa juani pale Mama Ngina, gundi inalegea na daraja la gitaa, pale nyuzi zinaposhikwa, linanyanyuka, halafu fundi anakutoza pesa ambayo ingekununulia nyuzi za mwaka mzima.

Cha mwisho ni kuhusu siku ya pili yake, maana hapo ndipo wengi tunawapoteza. Tamasha likiisha kila mtu anarudi kwao na ile moto inazimika ndani ya wiki mbili. Kabla hujaondoka ukumbini chukua namba ya mtu wa besi, mtu wa ngoma na mwimbaji mmoja, si lazima wawe wazuri, wawe tu wanakaa njia moja na wewe, mkubaliane siku na mahali, hata barazani kwa mtu, mpige ule mzunguko wa baa 12 na mashairi yenu wenyewe. Mkifika nyimbo sita hivi zinazosimama, mahoteli na migahawa ya huku Nyali na Bamburi itaanza kuwaita, na hapo mkae macho: kubalianeni pesa, nauli na saa za kupiga kabla hamjabeba vyombo, iwe kwa maandishi hata kama ni meseji ya simu. Nimewahi kupiga usiku mzima mahali fulani kwa ahadi ya mdomo na mwisho wake tukapewa soda na chipsi, bendi ya watu watano. Anayewaambia mpige bure mara ya kwanza ili mjulikane, muulizeni kama na mpishi wake naye kapika bure usiku huo.

Na walioniuliza habari ya harmonika, ndiyo, mwaka huu ipo warsha yake. Kama utanunua moja tu nunua ya kii ya A, kwa sababu blues ya kii ya E, ambayo ndiyo tunayopiga zaidi warshani, hupigwa kwa harmonika ya A kwa kuvuta pumzi zaidi kuliko kupuliza. Njoo na ya kwako mwenyewe, hiyo haiazimwi, inaingia mdomoni.