Saa kumi na moja alfajiri, baada ya kuuza boti

Kwa miaka kumi na minane manahodha wangu waliniita tajiri. Kwetu Lamu neno hilo kazini halina uhusiano mkubwa na fedha. Tajiri ni mwenye chombo, yule anayepigiwa simu mashine ikizima katikati ya maji, anayejua nani ana mgonjwa nyumbani na nani amekopa mshahara wa mwezi ujao. Nilianza 2004 na boti moja ya abiria kati ya Mokowe, gati la upande wa bara, na Amu, yaani mji wa Lamu, nikafika boti saba. Septemba 2022 nikaziuza zote pamoja na jina la kampuni. Wiki iliyofuata nilipita Mkunguni, mbele ya ngome, wazee wa barazani wakaniita "tajiri" huku wakitabasamu, nikahisi neno limenigeukia. Sasa lilikuwa neno la pesa tu. Tajiri wa zile boti alikuwa mtu mwingine.

Mwaka huu watu watatu wamenijia kutaka ushauri wa kuuza biashara zao, mmoja katoka Malindi. Wote waliuliza bei. Hakuna aliyeuliza kuhusu asubuhi ya pili yake, na mimi nina mengi ya kusema juu ya asubuhi hiyo.

Habari ya bei niimalize upesi. Kabla hujamtajia mnunuzi kiasi chochote, mwambie mhasibu akupigie hesabu ya kodi ya faida ya mtaji. Nilipouza mimi ilikuwa asilimia 5. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Kwa Waislamu wenzangu, zaka ya asilimia 2.5 itengeni mapema, isije siku yake ikaonekana kama hasara. Kinachobaki kifunge mwaka mzima, kwa njia ambayo dini yako inairidhia, mahali ambapo mkono wako haufiki ukiwa na upweke.

Kilichoniumiza ni kipengele kimoja cha mkataba. Kilisema kwa miaka mitatu nisifanye shughuli yoyote ya boti za abiria katika visiwa vyote vya Lamu. Nilikitia saini kwa dakika moja. Mnunuzi ana haki ya kujilinda, sibishi. Lakini nilikuwa na miaka 49, sikujua kazi nyingine, na madirisha ya nyumba yangu yanatazama bahari. Kipengele hicho kisome nyumbani, na mwenzako awepo, ukijiuliza kila siku ya miaka hiyo utaamka ufanye nini. Omba kipunguzwe: ubakishiwe kufundisha, au matengenezo, au mizigo. Mnunuzi wangu aliniambia baadaye kwamba ningeomba angekubali siku ile ile.

Miezi ya mwanzo niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikaswali, nikashuka gatini. Nilisimama nikihesabu abiria wasio wangu. Asubuhi moja ya kusi, bahari imechafuka, nilimwona kijana niliyemfundisha mwenyewe anapakia magunia mbele ya boti. Nikampigia kelele ayarudishe nyuma. Akaniangalia kwa heshima zote, akasema, "Mzee wangu, naomba radhi, tajiri amesema tumuulize yeye." Hakunikosea adabu hata chembe. Nilirudi nyumbani kwa vichochoro vya nyuma nisikutane na mtu.

Nyumbani nako nikaanza kupanga ratiba ya sokoni, unga unatumika kiasi gani, nani anafungua mlango saa ngapi. Mke wangu alivumilia kama wiki tatu. Kisha akaniambia taratibu, "Bwana, nyumba hii nayo ina nahodha wake." Nyinyi mnaouza, waonee huruma walioko nyumbani. Wao hawakuuza kitu, na siku yao ilikuwa imejaa kabla hujaingia.

Mwezi wa tano nikanunua malori mawili. Sikujua chochote kuhusu malori. Nilichotaka ni simu ilie alfajiri, na ililia kweli: gurudumu, dereva, mzigo uliokwama njia ya Garsen. Baada ya miezi 14 niliyauza kwa hasara ambayo mpaka leo nikiikumbuka naumia. Kwa hiyo nasema kwa moyo wangu wote: mwaka wa kwanza usianzishe biashara nyingine, hata iwe nzuri vipi, hata aliyeileta awe ndugu yako.

Wakati huo mpwa wangu alinisomea kwenye simu habari za Markus Persson wa Uswidi, aliyeuza kampuni yake yenye mchezo wa Minecraft kwa Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Mwaka uliofuata akaandika hadharani kuwa hajawahi kujihisi ametengwa kiasi kile. Fedha zake na zangu hazikaribiani, lakini nilimwelewa kama jirani wa ukuta kwa ukuta.

Kilichonifaa ni daftari la shule. Kwa mwezi mzima, kila moyo uliponiuma niliandika ni jambo gani hasa nimelikumbuka. Nilipolisoma mwisho wa mwezi, kuhesabu mauzo ya jioni hakukuwemo hata mara moja. Wala boti zenyewe. Karibu kila ukurasa ulikuwa na kijana amesimama karibu yangu akiuliza kitu.

Nikaenda kwa mnunuzi, nikaomba ruhusa ya maandishi ya kufundisha, akanipa. Sasa siku tatu kwa wiki nakaa kwenye banda la fundi mashine, banda si langu, na silipwi. Nawafundisha vijana wanaotafuta cheti cha unahodha. Nawaanzishia na uzi wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Tia kiganja chako hapo. Ukiwa vuguvugu, endelea na safari. Ukichoma, au uzi ukikatika, zima mara moja: kuna mchanga au mfuko wa plastiki umeziba maji ya kupoza, na dakika chache zinatosha kuua mashine. Kisha nawapeleka Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, wajifunze kusoma maji kujaa na kupwa, na wajionee kwamba bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, havisamehe anayekisia.

Haijazi siku zote saba. Ijumaa jioni bado huwa nzito, na nimekubali iwe hivyo. Juzi usiku simu ililia, kijana yuko upande wa Faza, mashine imekata maji. Nikamuuliza ameshazima? Ameshazima. Nikamwambia ainyanyue, apapase chini. Nilimsikia akihema, mawimbi yakigonga ubavu wa boti, kisha akasema, "Nimeutoa, mwalimu, ulikuwa mfuko."

Mke wangu akauliza ni nani saa hizi. Nikamwambia, akasema kesho nimkumbushe huyo kijana kubeba tochi.