Nataka kumpa mpwa wangu laptopu, lakini picha zangu je?

SWALI: Assalam aleikum. Nina laptopu ya HP ya 2013, ramu giga 4, ina Windows 10 na imekuwa nzito sana. Nataka kumpa mpwa wangu aingie nayo chuo. Ndani mna skani za kitambulisho na pasipoti, na picha tele za arusi. Fundi mmoja Mwembe Tayari kaniambia nimwachie, ataifomati dakika kumi iwe mpya. Ni kweli vyote vitafutika? Na aweke Windows gani?
Dada wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salam dadangu. Usimwachie kwanza. Fomati ya haraka haifuti mafaili yenyewe, inafuta orodha tu, yaani kompyuta inaambiwa hapa ni patupu lakini picha zako ziko palepale kwa diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuzirudisha zapatikana bure kwa intaneti. Sasa wewe mwenyewe wazijua picha za arusi zetu, wanawake wamevua mabuibui wamejipamba kwa sababu ukumbi ni wao peke yao. Hizo si zako peke yako, ni amana ya watu, na zikishaingia kwa simu za watu hazirudi tena.

Kwa hivyo anza nyumbani. Nakili unavyotaka kwenye diski ya nje, halafu fungua mafaili mawili matatu humo uone kama kweli yanafunguka, manake wengi hunakili wakafuta bila kuangalia. Kisha ingia Settings, Update & Security, Recovery, ubonyeze Get started pale chini ya Reset this PC, uchague Remove everything. Usikimbilie kuendelea! Hapo pana Change settings, ifungue uwashe Clean data, na kama diski imegawanywa C na D washa pia ile ya kufuta diski zote. Hiyo Clean data ndiyo inayoandika upya juu ya data yako. Yachukua masaa, chaja iwe imechomekwa, na kama betri imekufa na mtaani kwenu stima inapotea potea, ngoja siku ambayo imetulia. Haya nasema kwa diski ya kawaida ya kuzunguka. Kama ulishawekewa SSD, yaani diski mpya isiyozunguka, mwambie fundi atumie amri ya kufuta ya SSD yenyewe, na ukae hapo uone.

Windows gani? Mimi singeweka yoyote. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiikubali mashine ya mwaka huo. Weka Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure, giga 4 zaitosha, na inakuja na LibreOffice ambayo inafungua mafaili ya Word. Fundi ataidaunilodi aiweke kwa flashi ya giga 8 isiyo na kitu cha maana, awashe laptopu akibonyeza F9, achague flashi. Inafunguka kutoka kwa flashi hiyohiyo kabla ya kuinstoli, kwa hivyo mwambie ajaribu waifai, sauti na kamera hapo hapo mbele yako.

Lakini kabla ya yote muulize mpwa wako chuo chao kinatumia programu gani, kwa sababu zingine kama AutoCAD, ile ya kuchora ramani za majengo, hazina toleo la Linux, na kama ni hivyo mashine hii haitamfaa hata ukiisafisha vipi.