Chakula cha simbilisi cha kuandaa nyumbani: nyasi kwanza, pumba mwisho

Mkuu, kwa maelezo yako una simbilisi (guinea pig) wawili wa watoto wako, dume na jike, wanakula ugali uliobaki, mkate, pumba za mahindi na chakula cha vifaranga vya kuku. Dume ameanza kuchechemea na manyoya yamesimama, jike tumbo limekuwa kubwa, na unataka fomula ya kuwachanganyia mwenyewe kwa sababu chakula chao cha dukani hakipatikani huko ulipo. Nitakujibu kwa kirefu maana hawa wanyama nawapenda na nimewafuga muda mrefu, kijijini Iringa na sasa hapa Dar, na karibu kila simbilisi mgonjwa niliyeletewa nimuangalie shida ilianzia kwenye bakuli. Ila kabla ya fomula yoyote, hicho chakula cha vifaranga kitoe leo leo, sababu nakuja nazo huko chini.

Sasa watu wengi wakisikia "chakula kamili" wanawaza kama kwenye kuku, pumba kilo kadhaa, mashudu kilo kadhaa, dagaa, chokaa, koroga, umemaliza. Simbilisi siyo kuku. Huyu mfikirie kama mbuzi mdogo wa ndani, asili yake ni milima ya Andes huko Peru, Bolivia na Ecuador na kazi yake kule ilikuwa kula majani kutwa nzima, kwa hiyo tumbo lake linataka nyuzinyuzi zipite muda wote bila kusimama. Chakula chake kamili kwa sehemu kubwa kabisa ni nyasi, ndo zifuate mboga za majani, na huo mchanganyiko unaouulizia wewe ni kijiko tu cha mwisho. Ukigeuza hiyo foleni, hata uchanganye kitaalamu vipi, utakuwa unamuumiza.

Kuna suala la meno pia ambalo watu hawalijui. Meno ya simbilisi yote yanaota maisha yake yote, siyo yale ya mbele tu unayoyaona, hata magego. Kaa chini siku moja umtazame anavyokula jani la ukoka, analishika ncha, analivuta ndani taratibu huku taya linakwenda na kurudi, lile jani gumu ndo linasaga magego. Ugali na mkate havisagi kitu, anameza tu. Magego ya chini yakirefuka yanainamia ndani mpaka yanaufunika ulimi, basi hapo utamwona anakisogelea chakula kwa hamu, anakishika, anakiachia, kidevu kimelowa mate, na unasema mbona anataka kula lakini hali. Kumrudisha hapo ni kazi ya daktari wa mifugo na vifaa vyake.

Kwa hiyo nyasi ziwepo saa zote, usiku na mchana, bila kupima. Ukoka ni mzuri sana, majani ya tembo yakiwa machanga ni mazuri, na ukipata robota la nyasi kavu za boma rhodes kwa wafuga ng'ombe una mzigo wa miezi. Nyasi mbichi usizikate kando ya barabara kubwa wala sehemu iliyopigwa dawa ya magugu wala wanapojisaidia mbwa, na zisikae kwenye kiroba zikapata joto, zikishaanza kuvukuta ndani zinajaza gesi tumboni na gesi kwa simbilisi inaua.

Mi mwenyewe nakausha, coz masika ikikolea hapa Dar kupata nyasi kavu ni mtihani. Nakata ukoka asubuhi umande ukishakauka, kabla haujatoa mbegu, nautandaza kwenye wavu au mkeka sehemu ya kivuli yenye upepo, siyo juani moja kwa moja maana jua kali linaunguza ule ukijani na vitamini zinakwenda nao. Naugeuza mara kwa mara siku ya kwanza, baada ya hapo asubuhi na jioni. Ili kujua umekauka chukua fungu dogo ulisokote mkononi kwa nguvu, likilia na kukatika liko tayari, likijikunja tu kama kamba bado lina maji. Halafu unausa, unatakiwa unukie vizuri, ule ukavu wenye utamu kidogo. Ukipata harufu ya ukungu au ukiona vumbi jeupe linaruka, tupa lote, usichambue. Hifadhi kwenye gunia la katani lililoinuliwa kutoka chini, usiweke kwenye mfuko wa plastiki, unatoa jasho.

Tuje kwenye vitamini C, hapa ndo penye dume lako kwa maoni yangu. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, ule uwezo hana kabisa, wakati sungura, panya na kuku wanaitengeneza wenyewe. Asipoipata kwenye chakula kila siku anapata kiseyeye: viungo vinavimba na kuuma ndo maana anachechemea, anapiga kelele ukimshika, manyoya yanasimama, fizi zinatoa damu, kidonda hakiponi. Na hii kitu haijagunduliwa jana. Mwaka 1907 kule Norway wataalamu wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu wakitafuta kuelewa ugonjwa wa mabaharia unaoitwa beriberi, wakashangaa wanyama wanapata kiseyeye badala yake, na wakiwapa kabichi mbichi au maji ya limao hawaugui. Soma hiyo halafu utazame bakuli la dume lako, ugali, mkate, pumba. Ni chakula kile kile.

Wengine watakuambia mbona bibi zetu kule Iringa na Njombe waliwafuga jikoni bila kujua vitamini na walizaana mpaka basi. Ni kweli kabisa, na mi nimekulia humo, lakini angalia walikuwa wanakula nini: nyasi zilizong'olewa shambani jioni ile ile, maganda na majani ya mboga, mashona nguo, kila siku vitu vibichi. Sisi wa mjini tumechukua mnyama yule yule tukampa pumba na mkate kwa sababu ndo vilivyo karibu.

Kiasi anachohitaji ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mgonjwa au mwenye mimba mpandishe mpaka 30 au zaidi. Simbilisi mzima ana kama gramu 700 hadi 1,200, kwa hiyo hesabu siyo kubwa. Pilipili hoho ya kijani ina karibu miligramu 80 kwa kila gramu 100, nyekundu ina zaidi, basi robo ya hoho ya kawaida inamtosha siku nzima. Pera ndo mfalme wetu, lina zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinamaliza kazi, ila kwa kuwa lina sukari usimpe zaidi ya hapo. Sukuma wiki inakaribia miligramu 90. Karoti na tango ambavyo watu wanawapa wakidhani wamewapa vitamini havina kitu upande huo, mpe kama zawadi tu. Hoho toa mbegu na kile kikonyo, kata kipande kirefu cha kushikika, mpe asubuhi mbele yako umwone anamaliza, usimwachie kwenye bakuli mpaka jioni kimenyauka.

Usimtilie vitamini kwenye maji ya kunywa. Inaharibika haraka kwenye mwanga na ladha inabadilika akaacha kunywa, ukawa umeongeza tatizo. Na usinunue zile multivitamini za watoto, zina A na D ambazo zikizidi zinamdhuru. Kidonge cha vitamini C tupu cha duka la dawa kinatosha, saga kipande, pakaza kwenye hoho.

Mboga za majani mpe kama kikombe kimoja kwa kila mnyama kwa siku, za kubadilisha badilisha. Matembele, majani ya giligilani, chainizi, figiri, mashona nguo machanga, majani ya mahindi pamoja na yale maganda ya nje ya hindi bichi. Mchicha na sukuma usimpe kila siku, mchicha una oksaleti na sukuma ina kalsiamu nyingi, vikizidi vinajenga vijiwe kwenye kibofu. Mara mbili tatu kwa wiki inatosha. Kabichi kidogo sana kwa ajili ya gesi. Ambavyo humpi kabisa: kisamvu kibichi, kina sumu ya sayanaidi, sisi wenyewe tunakitwanga na kukichemsha muda mrefu kwa sababu hiyo, parachichi na majani yake, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, mnafu, vitunguu vya aina zote, maharage. Nyama, maziwa, biskuti, kachori, hata watoto walie vipi, hapana.

Haya, fomula yenyewe. Vikombe vinne vya pumba za ngano, vikombe vitatu vya lusina (yaani alfalfa, yale majani ya malisho) kavu iliyokatwa katwa, kikombe kimoja cha mashudu ya alizeti, nusu kikombe ya unga wa majani ya mlonge. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, lusina na mlonge vinaleta kalsiamu ndo maana vimo, na mashudu ni kwa ajili ya protini. Usipopata lusina tumia matembele makavu na uongeze mlonge kidogo. Ukiongeza lusina mpaka ikawa ndo nyingi zaidi umeharibu, kalsiamu inazidi kwa mnyama mzima. Chukua kijiko kimoja cha chakula, viwili kwa anayekua au mwenye mimba, nyunyizia maji mpaka kishikane, mpe jioni, kilichobaki asubuhi mwaga. Kikavu kikavu ni vumbi, linaingia puani na mapafu ya simbilisi ni mepesi kupata nimonia.

Pumba za mahindi sijaziweka makusudi. Zikitoka kwenye mahindi yaliyovunda zinakuja na sumukuvu, haionekani kwa macho na inaharibu ini taratibu, huwezi kujua mashine ilisaga mahindi ya nani. Mashudu ya karanga nayo hivyo hivyo siyaamini. Hata mashudu ya alizeti nunua kidogo kidogo, yanuse.

Kuhusu chakula cha kuku: kile cha vifaranga mara nyingi kimetiwa dawa ya kuzuia koksidiosisi (ule ugonjwa wa kuku kuharisha damu), dozi imepimwa kwa kuku siyo kwa huyu, na kile cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya kutengeneza maganda ya yai, kama asilimia 4 hivi, simbilisi haihitaji hiyo inaishia kwenye kibofu. Na hapa hapa niseme kwa herufi kubwa, USIMSAGIE AMOKSILINI. Najua tulivyo, mnyama akiugua tunakimbilia kabati la dawa. Amoksilini, ampisilini na penisilini zingine zikipita mdomoni zinaua bakteria wema wa tumboni mwake, wanabaki wabaya wenye sumu, anaharisha na anakufa. Nimeona simbilisi mwenye mafua madogo amepelekwa kwa fundi wa mifugo mtaani, kapewa dawa ya aina hiyo, siku chache baadaye hayupo. Muulize anayekutibia kabla hajakupa chochote.

Kwa dume lako: anza hoho na kipande cha pera leo, weka na vitamini C ya kidonge miligramu 50 kwa siku, mkalishe sehemu laini asirukeruke. Kwa kiseyeye cha kawaida mabadiliko unaanza kuyaona ndani ya wiki, niliwahi kupewa mmoja aliyekuwa anajikokota kwa mbele tu miguu ya nyuma haitaki, akaja kukimbia mwenyewe bila dawa nyingine. Lakini akigoma kula siku nzima usisubiri, tumbo la simbilisi likisimama linasimama moja kwa moja, huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo. Kama kuna uvimbe wa mguu mmoja tu inaweza kuwa kavunjika, daktari amguse. Ugali na mkate punguza kwa wiki moja na ushee huku unaongeza nyasi, usibadilishe kwa siku moja maana tumbo litagoma. Chakula cha vifaranga tu ndo kinatoka mara moja. Na ukimwona anajikunja anachukua kitu laini nyuma yake anakila, mwache, ni kinyesi cha kwanza chenye vitamini B, anakihitaji.

Nunua au azima mzani wa jikoni, wapime kila wiki uandike. Manyoya yanaficha sana, mnyama anakonda huoni. Akipungua gramu 50 kwa wiki anza kutafuta sababu hata kama anakimbia vizuri. Kwa jike ukute uzito unapanda kila wiki ni mimba, inachukua siku 59 mpaka 72, na kwenye mimba lusina unaruhusiwa kumwekea konzi moja pembeni kila siku. Ila asinenepe kwa mikate, jike mnene akikosa kula siku moja karibu na kuzaa anaweza kufa na watoto wakiwa tumboni. Dume mtenge kabla hajazaa, maana jike anapandika tena ndani ya saa chache baada ya kuzaa na mwili haujapumzika. Watoto wanazaliwa na manyoya na macho wazi, wanaanza kutafuna majani ndani ya siku ya kwanza au ya pili, kwa hiyo nyasi na matembele ziwe chini sakafuni wanapofikia, na hoho ya mama usiipunguze mpaka waache kunyonya, wiki ya tatu hivi.